Jini wa Pembe ya Ngomeni

Mpira ulisukumwa kwa ncha ya kidole kutoka Makupa, ukitakiwa ufike Likoni. Ukaenda vizuri hadi nusu ya safari, kisha ukaanza kupinda, taratibu, kama mtu aliyekumbuka kwamba amesahau ufunguo nyumbani. Ukaishia Ngomeni.

Nieleze kwanza, msije mkasema nimechanganyikiwa. Makupa, Likoni, Ngomeni na Nyali ni sehemu za Mombasa, lakini pia ni pembe nne za meza ya pool ya mjomba wangu. Watoto wa nyumba ile ndio walioipa majina. Walisimama katikati ya sebule wakanyoosha mikono: huku daraja la Nyali, huku Fort Jesus ambako sisi twapaita Ngomeni, huku kivuko cha Likoni, huku Makupa. Kila shimo la pembeni likapata jina la upande wake. Mchezaji akitaka kupiga, hutangaza safari: "Huu wenda Nyali!" Shida ni kwamba mpira uliokwenda polepole haukuwa na safari nyingine ila Ngomeni.

"Meza ina jini," akasema mdogo wao, mwenye miaka saba.

Wakubwa walicheka. Lakini usiku ule hakupatikana hata mmoja wa kwenda sebuleni peke yake kuzima taa.

Meza yenyewe ilikuja mwaka 2021. Nyumba za zamani za Buxton, zilizokuwapo tangu enzi ya ukoloni, zilikuwa zinavunjwa ili pajengwe maghorofa mapya, na watu walikuwa wakihama na makabati, vitanda na kuku. Jamaa mmoja alikuwa na meza ya pool kibarazani, ile ya kutia sarafu, na alikokuwa akihamia hapakuwa na pa kuiweka. Mjomba akaaye nyuma kidogo ya Buxton, upande wa Tononoka, akainunua kwa bei ambayo hadi leo mkewe hajaambiwa.

Hizi meza za sarafu zina ujanja wao. Mipira ya rangi ikishatumbukia hairudi mpaka utie sarafu nyingine, lakini mpira mweupe hurudi bure. Meza hujuaje? Katika nyingi, mpira mweupe ni mdogo kidogo: milimita 48, na wa rangi ni milimita 51. Ndani kuna njia inayopitisha wale wadogo tu, kama vile chekeche inavyopitisha unga na kuzuia wishwa. Mimi nilicheza miaka bila kulitambua hilo, nikidhani ni umeme.

Hamali wanne walikuja na mkokoteni. Wakaishika meza kwa wepesi, kama washikavyo kabati, wakainua. Haikwenda popote.

"Mzee, humu ndani mmetia saruji?" mmoja akauliza.

Hakukosea sana. Chini ya kitambaa cha kijani hakuna ubao, kuna jiwe. Ni lile jiwe la sleti, ambalo wanafunzi wa zamani waliandikia kabla madaftari hayajawa rahisi. Hupasuka kwa mabamba, kama kurasa za kitabu, na bamba likisuguliwa huwa tambarare kuliko chochote seremala awezacho kuranda. Haya, pigeni hesabu. Mahali pa kuchezea pana mita 1 kwa mita 2. Jiwe lina unene wa sentimita 2 na nusu. Mita moja ya ujazo ya sleti ina uzito wa karibu tani 2.7. Mkimaliza mtapata kilo 135, karibu magunia matatu ya saruji, na hapo hamjagusa miguu, fremu wala kisanduku cha sarafu. Meza nzima ilikuwa kama kilo 300.

Waingereza walianza kuweka jiwe katika meza za biliadi, ambazo ni mama wa meza za pool, miaka ya 1820. Kabla ya hapo walitumia mbao, na mbao mwazijua. Masika yakishika hapa Mombasa, mlango uliofungika vizuri mwezi wa Februari, mwezi wa Mei hausukumiki. Ubao hunywa unyevu ukavimba, ukapinda. Jiwe halijali masika wala kaskazi. Ndiyo maana meza za bei nafuu, ambazo ndani mna ubao wa unga wa mbao uliogandishwa, huanza vizuri na baada ya masika mawili huwa na tumbo.

Basi, "Simile! Simile!" barabara nzima, tuk-tuk zikapisha, meza ikafika mlangoni.

Sasa, mjomba alikuwa na wazo jingine kabla ya hapo. Mkewe, mkaza mjomba wangu, amezaliwa Kibokoni, Mji wa Kale, na nyumba ya kwao bado ipo, ya ghorofa, kuta nene za mawe ya matumbawe. Juu kuna chumba kitupu. Mjomba akaona ndipo hasa. Mkaza mjomba akamtazama kama mtu anayetazama mtoto akitaka kumkamata papa kwa chandarua.

"Umekipima?"

Hakuwa amekipima. Vyumba vya nyumba za kale za Waswahili ni virefu na vyembamba, na wageni wengi hufikiri ni mtindo tu. Si mtindo. Sakafu ya juu hukaa juu ya boriti, yaani miti ya mikoko, na boriti nzuri iliyonyooka haiendi mbali: chumba hakivuki mita 3 kwa upana, mara nyingi hakifiki hata hapo. Mkoko ndio ulioamua. Halafu tazameni mchezo wa pool. Fimbo yake ni kama sentimita 147, nawe wahitaji kurudi nyuma nayo pande zote mbili za meza. Sentimita 147, na mita 1 ya meza, na 147 nyingine: hizo ni karibu mita 4. Katika chumba cha Kibokoni ungecheza fimbo ikigonga ukuta kila ukiinua kiwiko. Na bado hatujazitwika boriti zile kilo 300 na mashabiki kumi.

Kwa hiyo meza ikabaki nyumbani kwa mjomba, sebule ya chini, sakafu ya zege, mita 4.2 kwa 5.2. Yatosha kwa kubana.

Ila sebule ile ilikuwa na zulia.

Ndugu yake mkaza mjomba, aliyefanya kazi Dubai miaka mingi, alilileta: jekundu lililoiva, zito, la manyoya marefu, ukuta kwa ukuta. Mjomba alipendekeza, kwa sauti ya chini, kwamba pengine lingekunjwa kwa muda.

"Zulia langu halikunjwi, halikatwi, wala halitoki," mkewe akasema. "Meza yako ndiyo mgeni. Mgeni hamtoi mwenyeji."

Meza ikawekwa juu ya zulia, na usiku ule ule akatokea jini.

Mjomba alikuwa na dawa yake. Alikunja kipande cha boksi akakitia chini ya mguu wa Ngomeni. Mpira ukaacha kwenda Ngomeni, ukaanza kwenda shimo la kati. Akaongeza boksi. Meza ikayumba, ikasimama kwa miguu mitatu kama kuku mgonjwa. Siku ya tatu akamwita fundi, mzee mmoja aliyewahi kuwa mwashi kabla ya kugeukia meza hizi, akaja na mfuko wa turubai na ndani yake kitu kimoja cha maana: pima maji.

Kama hamjawahi kukishika, ombeni fundi yeyote awaonyeshe. Ni kipande cha chuma au mbao kilichonyooka, chenye kichupa cha kioo kilichojazwa kimiminika, na ndani mmeachwa kipovu kimoja cha hewa. Kichupa kina mgongo kidogo, kama mtumbwi uliopinduliwa. Hewa ni nyepesi, siku zote hukimbilia palipo juu. Pakiwa sawa, kipovu husimama kati ya mistari miwili. Pakiwa pameinuka upande wa kulia, hukimbilia kulia. Watu wengi hukisoma kinyume, wakadhani kipovu chaonyesha palipozama. Mjomba alikuwa mmoja wao.

Fundi hakuanza na meza. Aliweka pima maji juu ya jiwe mara moja tu, akaguna, kisha akavua viatu akaanza kutembea juu ya zulia pekupeku, polepole, akikanyaga kwa kisigino, akarudi, akakanyaga tena. Watoto wakanong'onezana kwamba anamtafuta jini kwa miguu. Alipofika katikati ya chumba akasimama.

"Mama, hapa chini mna nini?"

Mkaza mjomba akanyamaza kidogo. "Mna zulia."

"Hili naliona. Chini yake?"

"Mna zulia," akasema tena, sasa akitabasamu kwa haya.

Chini ya zulia la Dubai, nusu ya chumba, upande wa magharibi, palikuwa na busati la babu yake. Alilitandika pale alipopata jipya, kwa sababu kulipeleka stoo ni kulipa nondo chakula, na kulitoa hakuweza. Miguu miwili ya meza ilikuwa juu ya mazulia mawili, na miwili juu ya moja. Meza nzima ililalia mashariki.

Ikabidi meza ivuliwe jiwe, iinuliwe na watu sita, ipishwe. Nami nikaliona lile busati kwa mara ya kwanza. Rangi yake ilikuwa imefifia ikawa kama ya chai ya maziwa, lakini ukingoni, ambako halikukanyagwa, bado palikuwa na buluu kali. Babu yake mkaza mjomba alilinunua Bandari ya Kale kutoka kwa mabaharia. Majahazi kutoka Ghuba yalikuja na kaskazi, kuanzia mwisho wa mwaka, yakileta tende, samaki wa chumvi, masanduku ya njumu na mazulia ya Kiajemi. Yalipogeuka na kusi yalirudi na nini? Boriti. Miti ile ile ya mikoko ya mwambao wetu iliezeka nyumba za kule Ghuba ambako miti ni adimu, na vyumba vya huko vikawa vyembamba kama vya Kibokoni, kwa sababu hiyo hiyo. Mkoko ulikwenda, zulia likaja. Na vyote viwili vikamkuta mjomba wangu na meza yake.

Meza ikarudishwa, hatua moja pembeni, juu ya zulia moja tu. Mtoto mkubwa akausukuma mpira kutoka Makupa. Ukanyooka hadi Likoni! Wakashangilia. Yule mdogo akaja na jaribio lake mwenyewe, akausukuma kwa upana, kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukapinda kuelekea mlangoni.

Fundi hakushtuka. Aliomba kikombe cha maji, akainua ukingo wa zulia karibu na mlango, akamwaga kidogo kwenye sakafu tupu. Maji yakatoka nje kama yaliyoitwa.

Aliyejenga nyumba ile hakukosea. Sakafu nyingi za huku hulazwa kidogo kuelekea mlangoni, ili siku ya kupiga deki maji yatoke yenyewe. Ni ufundi mzuri kwa ndoo na ufagio, lakini si kwa meza ya pool. Na zulia lilikuwa limeuficha mteremko ule miaka yote, kwa sababu mguu wa mtu hauhisi nusu sentimita ndani ya mita moja. Mpira huhisi. Kwa hiyo jini alikuwa na wazazi wawili: busati lililosukuma meza mashariki, na sakafu iliyoivuta kusini, uliko mlango. Jumlisheni mashariki na kusini, mtafika Ngomeni.

Hapo ndipo fundi alipofanya kazi ambayo ningependa muione kwa karibu. Alikata vipande vinne vya plaiwudi, kila kimoja sentimita 20 kwa 20, akavilaza juu ya zulia, kimoja chini ya kila mguu. Mjomba akasema vinaharibu sura ya sebule. Fundi akamwambia apige hesabu. Meza ya kilo 300 yenye miguu minne huweka kilo 75 kwenye kila mguu. Mguu una upana wa sentimita 10 kwa 10, yaani sentimita mraba 100, kwa hiyo kila sentimita mraba ya zulia yabeba robo tatu ya kilo, usiku na mchana. Ukiweka plaiwudi, mzigo ule ule wagawanyika kwa sentimita mraba 400, na kila moja yabeba chini ya robo kilo. Hiyo ni kama mtu mzima aliyesimama pekupeku, na zulia limezoea watu kusimama juu yake.

Chini ya miguu miwili ya upande wa mlango aliongeza kipande kingine, cha milimita 6. Kipovu kikakaribia mistari, hakikuingia. Fundi akanyoosha mkono bila kugeuka.

"Karata."

Mjomba ana karata zake za zamani, za kucheza barazani, na huzitunza kuliko simu. "Chukua zozote," akasema kwa uchungu, "ila ree usiguse." Karata moja ina unene wa kama theluthi ya milimita. Fundi alichomeka mbili za uru chini ya mguu wa Likoni, tatu za pau chini ya mguu wa Ngomeni, akatazama, akatoa moja, akairudisha. Kipovu kikasimama katikati.

"Mchezeni," akasema. "Lakini narudi baada ya wiki mbili. Zulia bado halijakaa."

Hili la mwisho wengi hulidharau. Zulia lina manyoya, na chini ya manyoya lina mgongo wa sponji. Ukiliwekea mzigo, halizami mara moja likaisha. Huzama sana siku ya kwanza, kidogo siku ya pili, kidogo zaidi wiki nzima, na kila mguu una mwendo wake. Likishabonyea kabisa hutulia, na tangu hapo zulia si adui tena. Anayesawazisha meza siku ile ile na kuondoka moja kwa moja amefanya nusu ya kazi. Kuna mafundi wa namna hiyo, na hulipwa kamili.

Katika wiki zile mbili watoto walicheza mpaka wakajua sauti ya kila mpira. Jioni moja wakaniuliza mipira imetengenezwa na nini. Ni plastiki ngumu, nikawaambia, lakini zamani ilikuwa meno ya ndovu. Mwajua Mapembeni, zile pembe kubwa za alumini juu ya Barabara ya Moi, ambako kila mgeni wa Mombasa lazima apige picha? Misafara ya bara ilileta pembe halisi hapa na Unguja, zikapakiwa melini, na katika karne ya 19 pembe za Afrika Mashariki zilisifiwa kwa ulaini wake, zikatafutwa kwa vinanda na kwa mipira ya biliadi. Pembe moja ilitoa mipira michache tu, kwa sababu lazima ichongwe katikati kabisa ya jino, la sivyo upande mmoja huwa mzito na mpira hupinda hata kwenye meza iliyo sawa. Mwaka 1863 kampuni moja ya New York ilitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayepata kitu badala ya pembe. John Wesley Hyatt, Mmarekani, aliingia katika kutafuta huko na miaka michache baadaye akatoa seluloidi, moja ya plastiki za kwanza duniani. Mipira yake ya mwanzo, asimulia mwenyewe, wakati mwingine iligongana kwa mlio kama wa fataki.

"Kwa hiyo plastiki ilitokana na pool?" akauliza yule mdogo.

Nusu yake, nikamwambia. Nusu nyingine ilitokana na hofu kwamba ndovu watakwisha.

Fundi akarudi siku aliyoahidi. Mguu wa Makupa ulikuwa umezama kuliko mingine, kwa sababu chini yake mgongo wa zulia ulikuwa umeungwa. Karata mbili za shupaza zikaenda huko. Akasukuma mpira mweusi kwa ncha ya kidole kutoka Makupa, polepole mno, nasi sote tukainama pamoja nao kana kwamba tungeweza kuusaidia. Ukafika Likoni, ukagusa mdomo wa shimo, ukasimama bila kutumbukia.

Pale meza iliposimama mwanzoni palibaki mashimo manne kwenye zulia, na mkaza mjomba aliyaona kabla ya kuuona mchezo. Alileta vipande vya barafu akaweka kimoja katika kila shimo, ili viyeyuke polepole na manyoya yavimbe yasimame. Asubuhi akayachana kwa kitana. Matatu yaliinuka. La nne halijainuka hadi leo, liko karibu na kiti chake, naye huweka ndani yake kikombe chake cha kahawa akitazama watoto wanavyocheza.